Spika Asiwe Mwamba Ngoma

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo haikutungwa ili kumtukana mwamba ngoma, bali kueleza tabia ya binadamu jinsi ilivyo. Anayestahili lawama ni yule aliyemkabidhi mtu mmoja ngozi, kamba na ngoma yenyewe, kisha akakaa kando na kujifanya anastaajabu kuona ngozi yote imevutwa upande mmoja.

Hivyo ndivyo walivyofanyiwa wananchi wa majimbo ya India tangu mwaka 1985. Katika mwaka huo Spika wa kila Bunge la jimbo, mtu ambaye kazi yake ni kuongoza mjadala na kulinda haki ya kila mjumbe kusema, alipewa kazi ya pili: kuwa hakimu wa wajumbe wanaohama vyama vyao. Alipewa kazi hiyo huku yeye mwenyewe akiwa angali mwanachama wa chama kimojawapo, amechaguliwa kwa tiketi ya chama hicho, na akitumaini kurudishwa na chama hicho hicho katika uchaguzi ujao. Miaka iliyopita tangu wakati huo imetoa ushahidi wa kutosha. Yafaa sasa isemwe wazi, bila kumung'unya maneno, kwamba mpango huo haufai.

Kiti na heshima yake

India ina majimbo 28, na kila jimbo lina Bunge lake lililochaguliwa na wananchi. Yapo makubwa kama la Uttar Pradesh lenye wajumbe 403, na yapo madogo kama la Sikkim lenye wajumbe 32. Katiba, katika ibara ya 178, inawataka wajumbe wa kila Bunge kumchagua mmoja wao awe Spika. Huyo ndiye anayeamua nani aseme na nani angoje, swali gani lijibiwe na hoja gani ipokewe. Ndiye anayethibitisha kuwa muswada fulani ni wa fedha, na akikwisha kusema hivyo, neno lake ni la mwisho. Ndiye pia anayepokea barua za kujiuzulu, na tangu mwaka 1974 ana wajibu wa kujiridhisha kwamba barua hizo zimeandikwa kwa hiari na kwa kweli, si kwa vitisho.

Waliotunga Katiba hiyo hawakuwa watoto. Walijua kwamba mamlaka ya namna hii yanahitaji mtu asiyeyumbishwa, wakakizungushia Kiti cha Spika ukuta. Mshahara wake hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa jimbo, hauletwi kila mwaka kupigiwa kura na wale wale anaowaongoza. Hawezi kuondolewa ila kwa taarifa ya siku 14 na kwa kura za walio wengi kati ya wajumbe wote waliopo wakati huo, wala haitoshi wingi wa wale waliohudhuria siku hiyo. Bunge likivunjwa, yeye hubaki kitini hadi Bunge jipya litakapokaribia kukutana. Na hapigi kura pamoja na wengine; hupiga moja tu, pale kura zinapolingana. Ulinzi huo wote una maana moja: Spika si wa upande wowote. Ni wa Bunge zima.

Jadi hiyo ilitoka London. Mwezi Januari mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia Bungeni na askari akitaka kuwakamata wajumbe watano. Spika William Lenthall alipiga magoti kwa heshima, lakini akamjibu mfalme kwamba mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Tangu hapo Waingereza walijenga taratibu desturi kwamba mtu akichaguliwa kuwa Spika huliacha joho la chama chake mlangoni, na hata akistaafu harudi tena kulivaa.

Katika Bunge la taifa la India walipatikana wachache waliojaribu kuifuata njia hiyo. Neelam Sanjiva Reddy alijitoa katika chama cha Congress alipochaguliwa kuwa Spika mwaka 1967. Mwaka 2008 Somnath Chatterjee alikataa kuliachia Kiti kwa amri ya chama chake cha Kikomunisti kilipoacha kuiunga mkono serikali. Chama kikamfukuza, naye akaendelea kuongoza vikao. Watu hao wanatajwa kwa heshima hadi leo. Lakini ukiona mtu anasifiwa miaka nenda miaka rudi kwa kutimiza wajibu wa kawaida, ujue wajibu huo umekuwa adimu. Katika majimbo desturi haikuota mizizi. Huko Spika wa leo aweza kuwa waziri wa kesho, na kila mtu, hata mtoto wa shule, anajua hivyo.

Dawa iliyozaa ugonjwa

Mpango wa mwaka 1985 haukuletwa kwa nia mbaya. Mwaka 1967, katika jimbo la Haryana, mjumbe mmoja aitwaye Gaya Lal alibadilisha chama mara tatu katika muda wa majuma mawili. Jina lake likageuzwa mzaha unaotumika India nzima hadi sasa, kumtaja mwanasiasa asiye na makao. Hakuwa peke yake. Katika miaka ile serikali za majimbo ziliangushwa na kuinuliwa na watu wa aina hiyo, bendera zinazofuata upepo, na mara nyingi upepo wenyewe ulikuwa na harufu ya vyeo na fedha. Mpiga kura alilala akiwa amechagua chama hiki, akaamka akiwakilishwa na chama kile.

Ndipo likaja Rekebisho la 52 la Katiba, lililoongeza Jedwali la Kumi. Sheria ikasema kwamba mjumbe akikiacha chama kilichompa tiketi, au akipiga kura kinyume cha maagizo ya chama bila ruhusa na bila kusamehewa, atapoteza kiti chake. Mwanya uliokuwa umeachwa kwa theluthi moja ya wajumbe kujitenga kwa pamoja uliondolewa mwaka 2003. Ukabaki ule wa vyama kuungana, kwa sharti la kukubaliwa na theluthi mbili. Hadi hapo sheria ilikuwa na busara. Kosa lilikuwa katika kujibu swali moja dogo: nani ataamua kwamba mjumbe fulani amehama? Sheria ikajibu: Spika.

Jibu hilo lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Juu ya India mwaka 1992, katika shauri la Kihoto Hollohan. Majaji watatu kati ya watano walikubali kwamba Spika aweza kupewa kazi hiyo kwa kuwa Kiti chake ni cha heshima, ingawa uamuzi wake waweza kuchunguzwa na mahakama. Majaji wawili walipinga. Walisema kwamba mtu ambaye kukaa kwake kitini kunategemea walio wengi Bungeni hawezi kuwa mwamuzi huru katika ugomvi unaowahusu hao hao walio wengi. Wawili walishindwa kwa hesabu ya kura. Lakini historia imewapa ushindi.

Kobe na duma

Mwenye shaka na atazame mambo yalivyokwenda. Mwezi Agosti mwaka 2003, katika jimbo la Uttar Pradesh, wajumbe 13 wa chama cha BSP walikwenda kwa Gavana kumtaka amwite kiongozi wa chama pinzani aunde serikali. Malalamiko dhidi yao yakafikishwa kwa Spika mwanzoni mwa Septemba mwaka ule ule. Serikali mpya ikaundwa, siku zikapita, miezi ikapita, miaka ikapita. Mahakama ya Juu ndiyo iliyotamka, tarehe 14 Februari 2007, kwamba watu hao walikwisha kupoteza ujumbe tangu Agosti 2003. Wakati huo muda wa Bunge lenyewe ulikuwa unakaribia kumalizika. Kwa miaka mitatu na nusu watu wasio wajumbe walikaa, walisema, walipiga kura na kupokea posho kama wajumbe. Ni nani atakayezirudisha kura hizo?

Katika jimbo la Manipur mwaka 2017, chama cha Congress kilipata viti 28 kati ya 60, na BJP viti 21. Mjumbe mmoja wa Congress, Thounaojam Shyamkumar, alivuka ukumbi mara tu baada ya uchaguzi na kuapishwa kuwa waziri katika serikali ya BJP. Hapo hapakuwa na fumbo la kufumbua. Mtu alichaguliwa na upande mmoja, akawa waziri wa upande wa pili mbele ya macho ya watu wote. Malalamiko yalipelekwa kwa Spika kuanzia Aprili 2017. Hadi Januari 2020 Spika alikuwa bado hajaamua. Mahakama ya Juu ikampa majuma manne. Majuma yakapita, na tarehe 18 Machi 2020 Mahakama ikamwondoa mtu huyo katika uwaziri na kumkataza kukanyaga ukumbi wa Bunge. Siku kumi baadaye Spika naye akapata nguvu ya kuamua lile ambalo kila mtu alilijua tangu miaka mitatu nyuma. Wahenga husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Huko Manipur ngoja ngoja iliwaumiza wapiga kura na kumshibisha waziri.

Lakini isidhaniwe kwamba Maspika hawajui kwenda mbio. Mwezi Agosti mwaka 2017, katika jimbo la Tamil Nadu, wajumbe kadhaa wa chama tawala cha AIADMK walimwandikia Gavana kueleza kwamba hawana imani na Waziri Kiongozi. Kabla hata mwezi mmoja haujatimia, Spika, ambaye alitoka katika chama hicho, alikwisha wavua ujumbe watu 18. Mahakama Kuu ya jimbo baadaye iliukubali uamuzi wake, na pengine ulikuwa sahihi kisheria. Linalohojiwa hapa ni mwendo. Kwa nini shauri linaloitishia serikali huamuliwa kwa mbio za duma, na shauri linaloinufaisha serikali hutambaa kama kobe? Sheria ni moja, Kiti ni kimoja. Kinachobadilika ni maslahi ya chama.

Huko Arunachal Pradesh mambo yalifika mahali pa aibu. Mwezi Desemba 2015 Gavana alirudisha nyuma tarehe ya kikao cha Bunge bila ushauri wa serikali. Siku moja kabla ya kikao hicho, Spika akawavua ujumbe waasi 14 wa chama chake. Jengo la Bunge likafungwa; waasi na wapinzani wakakutana katika ukumbi wa jumuiya, chini ya Naibu Spika ambaye naye alikuwa miongoni mwa wale 14, wakapitisha azimio la kumwondoa Spika. Mahakama ya Juu ililazimika kuyafuta matendo ya Gavana mwezi Julai 2016 na kuirudisha serikali iliyoondolewa. Katika mkasa ule hapana aliyetoka na nguo safi: Gavana, Spika, wala waasi.

Yafaa isisitizwe kwamba dhambi hii si ya chama kimoja. Chama kinacholia katika jimbo moja kwamba Spika amekalia malalamiko, ndicho kinachochekelea jimbo la jirani. Huko Maharashtra, chama cha Shiv Sena kilipopasuka mwezi Juni 2022, mashauri hayakuamuliwa hadi tarehe 10 Januari 2024, baada ya Mahakama ya Juu kumsukuma Spika mara kwa mara. Na mwishowe hakuvuliwa ujumbe mtu hata mmoja, wa upande huu wala wa upande ule. Huko Telangana, wajumbe 10 wa chama cha BRS walishutumiwa kuhamia Congress, chama tawala cha jimbo hilo, mwaka 2024. Mwezi Julai 2025 Mahakama ikalazimika tena kumpa Spika muda wa miezi mitatu. Vyama ni mbalimbali, majina ni mbalimbali, ugonjwa ni mmoja.

Hoja za watetezi

Wapo wanaoutetea mpango huu. Hoja yao ya kwanza ni kwamba Bunge ni huru na mahakama zisiingilie mambo yake. Hoja hiyo ina uzito pale inapohusu mjadala, na Katiba ya India yenyewe, katika ibara ya 212, inazizuia mahakama kuchunguza taratibu za vikao. Lakini kumvua mtu ujumbe si utaratibu wa kikao. Ni hukumu. Inamnyang'anya mtu haki aliyopewa na wananchi wa jimbo lake la uchaguzi, na inawanyang'anya wananchi mwakilishi wao. Hukumu hutolewa na hakimu, na sharti la kwanza la hakimu ni kutokuwa na sehemu katika shauri.

Hoja ya pili ni kwamba Spika amechaguliwa na walio wengi, kwa hiyo anastahili kuaminiwa. Hapo ndipo ulipo msiba wenyewe. Shauri la mjumbe aliyehama mara nyingi ndilo linaloamua nani ana wengi. Kumpa Spika shauri hilo ni kumtaka aukate au asiukate mkono unaomlisha. Ni kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Hata nyani akihukumu kwa haki, msitu mzima hautaamini.

Hoja ya tatu ni ya huruma kidogo: kwamba Spika asipokuwa na chama hatachaguliwa tena, maana hakuna kanuni ya kumwachia jimbo lake bila kupingwa. Ni kweli. Mtu hawezi kudaiwa uhodari wa Somnath Chatterjee huku akiahidiwa njaa. Lakini hoja hiyo haiutetei mpango, inauhukumu. Inakiri kwamba Spika anakaa kitini jicho moja likitazama Bunge na jicho la pili likitazama ofisi ya chama. Mwenye macho ya namna hiyo asipewe mizani.

Kinachopasa kufanywa

Dawa inajulikana. Mahakama ya Juu, katika shauri lile la Manipur la mwaka 2020, ililishauri Bunge la taifa lifikirie kuiondoa kazi hii mikononi mwa Maspika na kuikabidhi kwa baraza la kudumu litakaloongozwa na jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu au Jaji Mkuu mstaafu wa Mahakama Kuu. Ilisema pia kwamba miezi mitatu tangu malalamiko kupokewa ni muda wa kutosha kuyaamua. Mwaka 2025, katika shauri la Telangana, iliwakumbusha watunga sheria tena. Ushauri umetolewa, sababu zimeelezwa, mifano imejaa. Lililokosekana ni nia. Chama kilichoko madarakani hakina haraka ya kuutupa upanga unaomkata adui, mpaka siku kitakapokuwa upinzani.

Kwa hiyo yapasa mambo matatu yaende pamoja. Kwanza, mashauri ya kuhama vyama yaamuliwe na chombo huru. Pili, muda wa miezi mitatu uandikwe katika Katiba, ili uchelewaji usiwe silaha. Tatu, anayechaguliwa kuwa Spika ajitoe katika chama chake, na sheria imlinde baada ya hapo ili uaminifu wake usiwe hasara kwake. Mambo haya hayatampunguzia Spika heshima. Yatamrudishia ile aliyokuwa nayo kabla ya kugeuzwa karani wa chama.

Somo hili halikomei kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi upande wa pili. Mabunge ya Afrika Mashariki yalirithi Kiti kile kile kutoka jadi ile ile ya London, hata kama Tanzania siwa inayotangulia mbele ya Spika ina jina la baragumu la kale la pwani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliamua kwamba Spika achaguliwe kutoka nje ya wajumbe wala asipige kura, na ikaweka kanuni ya Spika kutoka nje ya wajumbe hata katika mabaraza ya kaunti zote 47. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 84, inaruhusu Spika achaguliwe kutoka miongoni mwa wabunge au nje yao. Milango imefunguliwa kwa namna mbalimbali. Hata hivyo mtu akiingia kwa mlango wowote huku joho la chama li mabegani, mlango haukusaidia kitu.

Mtumishi wa umma analijua jambo hili bila kufundishwa. Anajua kwamba mjumbe wa halmashauri ya zabuni ambaye ndugu yake ameleta bei hutoka chumbani kabla bahasha hazijafunguliwa. Mwalimu naye anajua kwamba msimamizi ambaye mwanawe ni mtahiniwa hasimamii chumba kile. Hakuna anayesubiri kwanza kuona kama ameiba ndipo aondolewe. Anaondolewa ili mtihani uaminike, na ili yeye mwenyewe asisingiziwe. Kanuni inayotosha kulinda mtihani wa darasa la saba haiwezi kuwa kubwa mno kwa Bunge lenye mamlaka juu ya mamilioni ya watu.

Mwamba ngoma ataendelea kuvutia ngozi kwake, leo na kesho, India na kwingineko, kwa kuwa ndiyo tabia yake. Basi Spika aachiwe kuongoza ngoma ichezwe kwa utaratibu, na kamba zishikwe na mtu asiye na zamu ya kucheza.